Kiingereza cha Mezani katika Pwani ya Uhispania

Mpango wa uchumi wa mwaka 1959 uliifungulia Uhispania milango ya utalii. Torremolinos, kijiji cha wavuvi karibu na Málaga, kikawa mji wa mahoteli, na vijana wa mashambani wakawa wahudumu wa mezani. Iliwabidi wajifunze Kiingereza.

Msamiati haukuwa mgeni kabisa: neno “bistec” lilikwisha kuingia Kihispania kutoka Kiingereza zamani. Ugumu ulikuwa katika matamshi na adabu. Kihispania hakianzi neno kwa “s” inayofuatwa na konsonanti. Kwa hiyo “spoon” hutamkwa “espún”. Tena, Mhispania huagiza kahawa kwa kauli ya kuamrisha bila kuvunja heshima, ilhali Mwingereza huiomba kwa swali. Hapana budi mhudumu atambue kwamba swali hilo ni agizo.

Hata hivyo, ajuaye majina ya vyakula na maneno ya kuitikia tu, akilaumiwa kwa kosa la jikoni hana la kujitetea. Yafaa sisi tutungao vitabu vya lugha ya kazi tulikumbuke jambo hili: mhudumu naye ni msemaji.