Motokaa Kongwe na Swali la Asili: Ufundi wa Nyumbani Huko Mpanda

Mtu aichukuapo motokaa kongwe ya thamani ndogo, akaiegesha uani kwake na kuifungua kipande kwa kipande, majirani aghalabu hudhani kuwa anajichezea. Huona nati zimepangwa juu ya gunia, milango imeegemezwa ukutani, na mwenyewe, mikono imejaa grisi, anasugua kutu kwa msasa jioni baada ya kazi. Ni mchezo kweli, maana hapana mshahara ndani yake. Walakini katika mchezo huo mna swali ambalo mwanahistoria hulikuta kila siku: kitu cha kale kikirudishwa katika asili yake, asili hiyo ni ipi?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nchi ya Mpanda. Mji huu ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, yapata kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950 ili kuchukua mazao ya mgodi wa Mukwamba, uliokuwa mali ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Baadaye Mpanda ikawa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, hata ulipoundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Kwa muda wa miaka mingi motokaa iliyofika huko ilifuata njia moja kati ya mbili: kubebwa juu ya behewa, au kupita barabara ya udongo, ambayo mvua huigeuza tope na kiangazi huigeuza vumbi. Njia ya kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kuikata mbuga ya Katavi, ambako udongo mweusi huyashika magurudumu kama gundi. Kipuri kilichokosekana Mpanda hakikupatikana kesho yake. Wahenga walisema kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo; nao watu wakaao mbali hujifunza kujitengenezea nyenzo.

Katika motokaa ndogo zilizoenea Afrika ya Mashariki miaka ya 1950 na 1960, mojawapo iliyojulikana sana ni Volkswagen, ile yenye mgongo wa duara. Ferdinand Porsche aliibuni katika Ujerumani ya miaka ya 1930 iwe motokaa ya mtu wa kawaida. Lakini ilianza kutengenezwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Wolfsburg kilipokuwa chini ya jeshi la Uingereza. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Basi hapakuwa na maji ya kuchemka njiani wala mpira wa maji wa kupasuka. Injini hiyo imeshikwa na giaboksi kwa bolti nne tu, hata mafundi wawili wenye jeki wanaweza kuishusha chini ya mwembe. Bodi nayo imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na bolti zikifunguliwa, watu wachache huinyanyua kama wanyanyuavyo paa la banda.

Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilitoka mbele. Ikashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa hivyo ilithibitika mbele ya macho ya watu kuwa chombo cha bei nafuu chaweza kustahimili barabara mbaya.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi ulikuja baadaye, nao haukupewa kikombe. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilimeza mali nyingi ya taifa. Fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikawa haba pamoja nazo. Ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata mwenye motokaa nzima alikatazwa kuiendesha Jumapili alasiri bila ya kibali, ili mafuta yasipotee. Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa mwaka 1984, na magari yaliyotumika Japani yalikuja kwa wingi katika miaka ya 1990. Kati ya nyakati hizo mbili, ya mlango kufungwa na ya mlango kufunguliwa, motokaa ndogo za zamani zililazimika kuishi maisha ambayo waundaji wake hawakuyawazia.

Waliozipa maisha hayo ni mafundi. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu. Mpira wa gurudumu lililochakaa ulichongwa ukawa kitu cha kuzuia mtikisiko. Sakafu iliyoliwa na kutu ilizibwa kwa bati la pipa. Kila fundi alikuwa na akili yake, na kila motokaa ikawa na alama za fundi wake, kama vile mswada wa zamani uwavyo na alama za mwandishi aliyeunakili.

Basi mtu wa leo anayeifungua Volkswagen kongwe uani kwake hakuti motokaa ya Wolfsburg peke yake. Hukuta tabaka. Motokaa nyingi za aina hiyo zilizoundwa kabla ya mwaka 1967 zilitumia umeme wa volti 6. Naye aweza kukuta waya zimebadilishwa kwa volti 12, kwa kuwa betri na taa za volti 6 zilikuwa hazipatikani. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake huila sakafu mahali pale pale. Akiinua kiti, huenda akakuta viraka viwili au vitatu, kimoja juu ya kingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao mafundi wale waliziba. Je, aving'oe viraka aweke bati jipya, au aviache?

Wako wanaosema kuwa kufufua ni kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, hata rangi na herufi za mita ya mwendo. Rai hiyo ina nguvu: bila ya kipimo cha kiwanda, kila mtu atafanya apendavyo na kukiita cha kale. Tena vipuri si adimu kama zamani, maana motokaa hii iliendelea kuundwa Meksiko hata mwezi wa Julai 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21 duniani. Lakini rai hiyo ikifuatwa bila kiasi, motokaa ya Mpanda haitapambanuka na ile iliyokaa maisha yake yote katika banda la Ulaya. Itang'aa, nayo itakuwa imesahau ilikotoka.

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kama wale wa Karema, wanao mfano mkubwa wa jambo hili. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, injini zake zikiwa zimepakwa grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Hapana abiria aliyesema kuwa siyo Liemba tena. Mabadiliko yale ndiyo historia ya meli; atakayeyafuta yote atabaki na meli ya mwaka 1915, asiwe na Liemba.

Kwa hiyo njia iliyo bora kwa mfufuaji wa nyumbani ni ile ya mhariri mwema wa maandiko. Kinachohatarisha maisha, yaani breki, usukani, waya zilizochunika na sakafu isiyobeba mtu, sharti kibadilishwe, maana hati haina haki ya kumuua msomaji wake. Kisichohatarisha kifikiriwe kabla ya kutupwa. Na kila kinachoondolewa kipigwe picha, kiandikwe katika daftari: kilikuwa wapi, kilitengenezwa kwa kitu gani, na, ikijulikana, kwa mkono wa nani.

Daftari hilo lina thamani kupita rangi mpya. Mafundi waliojifunza kazi yao katika miaka ya uhaba ni wazee sasa, na wengi hawakuandika neno. Elimu yao imo mikononi mwao na katika vyuma walivyovigusa. Mfufuaji akimwita mmoja wao aketi uani, amwonyeshe kiraka na kumwuliza kwa nini kiliwekwa hivi na si vile, atapata jibu ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiwanda. Asipomwita mapema, kiraka kitabaki bila msemaji, na atakayekikuta baadaye atakiona ni bati bovu tu, akitupe.