Fedha Kwanza?

Mvua ilikuwa imekatika tu. Kijana wa jirani yetu wa ghorofa ya tatu alikuwa anavuka Outering Road kurudi Fedha wakati nduthi ilipomzoa. Tukampakia kwenye gari la mwenye duka, mimi nikishika kichwa chake, mamake akishika miguu. Hospitali ya kwanza tuliyofika ilikuwa ya kibinafsi, taa zinawaka kama mchana. Mtu wa dirishani hakuuliza ameumia wapi.

"Mnatoka wapi?"

"Fedha," mamake akajibu.

Akatabasamu kidogo. "Sawa mama. Basi fedha ziko?"

Tulikaa pale dakika 40. Watu wa ploti walichanga kwenye grupu ya WhatsApp, M-Pesa ikilia kila baada ya muda: mia mbili, mia tano, hamsini. Kijana alikuwa amelazwa kwenye benchi, tumbo limeanza kuwa gumu. Hatukufikisha kiasi walichotaka. Tukambeba tena hadi gari.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: hili swali la mlangoni lilianza lini?

Hospitali tunayoiita Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na jina lake lilisema wazi ni ya nani: Native Civil Hospital, hospitali ya wenyeji. Mwaka 1952 ikapewa jina la mfalme wa Uingereza, King George VI. Mwaka 1954, umbali mfupi tu kutoka hapo, ikafunguliwa European Hospital, ambayo leo ndiyo Nairobi Hospital. Ukiumia katika Nairobi ya enzi hizo, kabla mtu hajauliza unaumwa wapi, rangi ya ngozi yako ilikuwa imeshaamua unapelekwa mlango gani.

Uhuru ulipokuja, jina la mfalme likatoka, la Kenyatta likaingia. Mwaka 1965 serikali ikaondoa ada kwa wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Hali ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Halafu, Desemba 1989, nchi ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji wa nje, ada zikarudi kwa jina la kistaarabu: cost-sharing, kuchangia gharama. Wagonjwa wakapungua ghafla. Si kwamba walikuwa wamepona. Ada ya usajili ikasitishwa 1990, kisha 1992 ikarudishwa kwa mlango mwingine, kama ada ya matibabu. Wengi wetu tulizaliwa baada ya hapo, ndiyo maana tunaona dirisha la malipo ni sehemu ya hospitali kama vile kitanda na sindano.

Lakini kuna siku moja dirisha lilisahaulika. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi, na maelfu wakaumia. Majeruhi hawakungoja ambulensi. Walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu wasiowajua. Damu ilitolewa na watu waliopanga foleni bila kuitwa mara mbili.

Siku kama hiyo daktari anabaki na kazi moja ngumu: kuchambua. Kazi hiyo ina historia yake pia. Yapata mwaka 1800, Dominique Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo chake. Wafaransa walikuwa na neno lao la kuchambua, na kutoka humo tukapata triaji. Mwaka 2004 wataalamu wa Cape Town walianza kutunga mfumo wao wa triaji kwa ajili ya hospitali zenye wagonjwa wengi na wahudumu wachache. Nyekundu: sasa hivi. Chungwa: ndani ya dakika 10. Manjano: ndani ya saa moja. Kijani: unaweza kungoja hadi saa nne. Hospitali kadhaa za Kenya zinatumia rangi za namna hiyo.

Kwa hivyo ukifika idara ya dharura, mtu wa kwanza unayefaa kukutana naye ni nesi. Atahesabu pumzi na mapigo ya moyo, apime presha na joto, akubane kidole na kile kibanio cha kupima oksijeni, na aone kama mgonjwa anajibu akiitwa. Hapo ndipo unapewa rangi. Ukiona aliyekuja nyuma yako ameingizwa kabla yako, usianze kupiga kelele mara moja. Huenda yeye ni mwekundu na wewe ni kijani, na hiyo kwa kweli ni habari njema kwako. Lakini hali ya mtu wako ikibadilika mkiwa kwenye foleni, akianza kutapika damu, kupumua kwa shida au kusinzia ovyo, simama umwambie nesi apimwe upya. Rangi inaweza kubadilika.

Na pesa je? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Karatasi peke yake haikutosha. Oktoba 2015, mwanaume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18, mkewe kando yake, akizungushwa humu jijini. Mahali pengine hakukuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi. Kwingine waliomba Sh200,000 za kutanguliza. Alifariki. Nchi ililia, ikapiga kelele, na miaka miwili baadaye Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua: matibabu ya dharura ni huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia rufaa kama pale alipofika hawana uwezo. Hospitali yenye uwezo ikikataa, inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Soma vizuri hapo. Sheria haisemi utatibiwa bure mpaka upone. Bili inaweza kuja. Inachosema ni kwamba bili haiwezi kutangulia pumzi. Na wakikuhamisha, si kuwaonyesha geti tu. Wanatakiwa wapange mnakoenda. Omba barua ya rufaa, uliza aliyepigiwa simu huko ni nani.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka pale Mradi, hapa hapa Embakasi, na watu zaidi ya 200 wakaumia. Wengi walikimbizwa Mama Lucy na Kenyatta. Sisi watu wa mitaa hii hatusomi haya mambo kama wageni.

Usiku wetu sisi uliishia kwenye hospitali ya umma, foleni hadi nje. Nesi mmoja, macho mekundu kwa uchovu, alimwinamia kijana kabla hata hatujamshusha vizuri.

"Unaitwa nani, kijana wangu? Unapumua vizuri? Wapi kunauma?"

Akamgusa tumbo, akageuka, akaita kitanda. Wengu lilikuwa limepasuka. Alipasuliwa alfajiri na anaishi. Daktari alimwambia mamake kwamba angechelewa kidogo zaidi tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Zile dakika 40 zinaniuma mpaka leo. Tulikuwa watu wanne pale dirishani, wote tumesoma, wote tuna simu zenye intaneti, na tulizitumia simu hizo kuomba pesa. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Mpimeni kwanza, hiyo ni sheria." Hatukuijua.

Sasa unaijua.