Soko la Toi: Nafasi ya kila muuzaji na mzigo wa taka

SOKO la Toi, lililo ukingoni mwa mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ni miongoni mwa masoko makubwa ya mitumba nchini Kenya. Wateja wake hutoka Kibera na Kawangware, Woodley na Kilimani, na wengine hufika kwa magari ya kifahari kutafuta kiatu au koti ambalo madukani lingewagharimu mara kadhaa. Hata hivyo, soko hili limejulikana pia kwa majanga. Limeteketea zaidi ya mara moja, na kila mara maswali mawili yamezuka upya: nafasi ni ya nani, na taka ni za nani?

Aghalabu maswali hayo hutenganishwa. La kwanza hupelekwa kwa kamati ya soko, na la pili hutupiwa serikali ya kaunti. Historia ya Toi inaonyesha kuwa yote mawili yana shina moja. Asiye na hakika kwamba kesho atakuwa mahali pale pale hana sababu ya kupafagia leo.

Mahali na asili

Soko hili liko karibu na Adams Arcade, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Ngong. Upande wa kusini ardhi inateremka kuelekea Kibera, hadi Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Kutokana na mteremko huo, takataka inayoachwa mtaroni upande wa juu haiishii hapo. Mvua huisukuma hadi mlangoni mwa mkazi wa chini, kisha mtoni, kisha bwawani. Bwawa hilo lilikusudiwa kuwapa wakazi wa jiji maji, lakini kwa miaka mingi limesongwa na taka na magugu.

Jina la Kibera linatokana na neno la Kinubi "kibra", lenye maana ya msitu. Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa na serikali ya kikoloni kuishi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ila hawakupewa hatimiliki. Ilichukua hadi Juni 2017 kwa jamii hiyo kukabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Katika eneo ambako hati ya ardhi imekuwa adimu kwa takriban miaka mia moja, haki ya mtu mahali pake imetegemea zaidi kutambuliwa na majirani kuliko karatasi. Ndivyo ilivyokuwa sokoni vilevile. Kibanda kilikuwa cha fulani kwa sababu wote waliokizunguka walijua ni cha fulani.

Nafasi ni ya nani?

Utambuzi wa aina hiyo ulijaribiwa vikali baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007. Matokeo ya kura ya urais yalipotangazwa Desemba 30, ghasia zililipuka katika sehemu nyingi za nchi, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa kabla ya mkataba wa amani kutiwa sahihi Februari 28, 2008. Soko la Toi liliteketezwa katika siku za mwanzo za machafuko hayo.

Kibanda cha mbao na mabati kikishateketea, hubaki kipande cha ardhi tupu kisicho na jina. Aliyekuwa na vibanda vitatu na aliyekuwa akitandaza turubai chini huwa sawa kwa muda. Ndio wakati ambapo mwenye nguvu hunyakua, mwenye fedha hununua kimya kimya, na mjane au mgeni husukumwa pembeni.

Toi ilikuwa na kinga moja. Wengi wa wauzaji wake walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba kila siku, chini ya Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka wa 1996. Daftari la akiba si hesabu ya fedha tu. Huonyesha pia nani ni mwanachama, tangu lini, na jirani zake ni akina nani. Moto ulipoteketeza mbao, ushahidi huo ulibaki katika madaftari na vichwani mwa watu. Soko lilijengwa upya mwaka wa 2008, wauzaji wenyewe wakishiriki.

Majanga hayakukoma. Moto mwingine ulizuka Machi 2019 na kuharibu mali nyingi. Juni 2024 soko liliteketea tena alfajiri, na watu wasiopungua wanne waliaga dunia. Gikomba, soko kubwa zaidi la mitumba jijini, lilipoteza watu 15 katika moto wa Juni 28, 2018.

Vyanzo vya moto ni mbalimbali, lakini kinachoamua ukubwa wa hasara ni njia. Kijia kilichoachiwa upana wa kupitisha mkokoteni hupunguzwa hatua kwa hatua: leo meza inasogezwa mbele kidogo, kesho gunia la taka linaegemezwa kando, keshokutwa mgeni anaruhusiwa kutandaza nguo katikati. Siku ya dharura, zimamoto hawapiti na watu hawatoki. Hapo ndipo suala la nafasi na suala la taka yanapokuwa suala la uhai.

Taka za soko ni zipi?

Taka za Toi si za aina moja, na kosa la kwanza ni kuzichanganya. Zinaweza kugawanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni taka zinazooza: majani ya sukuma wiki na kabichi, maganda ya ndizi na viazi, mabunzi ya mahindi na mabaki ya vyakula vya vibandani. Katika jiji la Nairobi, ambalo huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, fungu hili ni zaidi ya nusu ya taka zote. Zikitengwa mapema, huwa chakula cha mifugo au mbolea. Zikichanganywa na nailoni, hazifai tena kwa lolote ila kunuka.

La pili ni vifungashio. Robota la mitumba hufika likiwa limezingirwa kwa karatasi nzito ya plastiki na kukazwa kwa mikanda. Mikanda hiyo husukwa kuwa vikapu imara vya sokoni, nayo karatasi hutumika kuezekea na kufunikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya kuanzia Agosti 28, 2017, na anayeitengeneza, kuiingiza nchini au kuitumia anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kufungwa kati ya mwaka mmoja na minne.

La tatu ni nguo zenyewe. Robota likifunguliwa, wauzaji huchagua kwanza zilizo bora kabisa, ziitwazo "kamera" kwa lugha ya soko. Bei huteremka kadiri siku inavyosonga, hadi kufikia zile ambazo hakuna azitakaye. Hizo huitwa "fagia". Baadhi yake hukatwakatwa kuwa vitambaa vya kufutia mafuta gereji. Zinazobaki hutupwa au kuchomwa.

Suala hili lina sura ya kimataifa. Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za mitumba mwaka wa 2019. Ripoti ya mashirika ya Changing Markets Foundation na Clean Up Kenya, iliyotolewa Februari 2023, ilikadiria kuwa zaidi ya vipande milioni 900 vya nguo kuukuu hutumwa nchini kwa mwaka, na kwamba hadi kipande kimoja katika kila vitatu kina plastiki na ubora wake ni duni kiasi cha kugeuka taka mara moja. Wauzaji nao wana hoja: hakuna anunuaye robota kwa jasho lake ili alitupe. Hoja zote mbili zaweza kuwa kweli. Muuzaji hulinunua robota likiwa limefungwa, na hasara ya kilichomo huigundua akiwa amekwisha kulipa. Taka ya Ulaya huwa yake kwa njia hiyo, na gharama ya kuiondoa pia.

Ikumbukwe kuwa polyester na nailoni ni plastiki. Haziozi kama pamba, na zikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Muuzaji anayewasha rundo la fagia jioni nyuma ya kibanda haondoi taka, bali huigawa kwa mapafu ya majirani, na huacha makaa yanayoweza kufuka hadi usiku wa manane.

Fungu la nne ni uchafu wa binadamu. Soko lenye maelfu ya watu linahitaji vyoo, na choo cha kulipia huwa kizuizi kwa mchuuzi ambaye hajauza kitu. Katika Kibera, mashirika kama Umande Trust yamejenga vyoo vya jamii vinavyogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia. Panapokosekana choo cha karibu au cha bei nafuu, mtaro huchukua nafasi yake.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la masoko, uzoaji wa taka na usimamizi wa majaa. Kwa hivyo, mwenye soko na mwenye lori la taka ni serikali ile ile.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ilisogeza wajibu karibu zaidi na kila raia. Inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu pale zinapozalishwa, na kuwekwa katika vyombo vyenye alama na rangi tofauti. Kaunti nazo zinatakiwa kuwa na vituo vya kuchambua taka ili kinachofaa kitumike tena. Sheria hiyo pia inambebesha mtengenezaji wajibu wa kinachobaki baada ya bidhaa yake kutumika.

Hata hivyo, taka za Nairobi kwa miongo mingi zimeishia Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo liondolewe. Mfagiaji wa Toi anayechanganya taka zote katika gunia moja anazipeleka kwa majirani wa Dandora, ambao hawajawahi kununua hata soksi kwake.

Mali ya wote si mali ya mtu?

Mwaka wa 1968, mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alidai kuwa mali ya wote hatimaye huharibiwa, kwa sababu kila mtu huchuma na hakuna anayetunza. Mwenzake Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2009, alionyesha kwa mifano ya malisho, misitu na mifereji ya maji kuwa jambo hilo si lazima. Mali ya wote hudumu ikiwa wanaohusika wanajulikana, kanuni zimetungwa na watumiaji wenyewe, usimamizi uko karibu, na adhabu huanza ndogo kisha huongezeka.

Masharti hayo yanaweza kutafsiriwa katika mambo ya kawaida ya soko kama Toi:

- Orodha ya wauzaji iandikwe na isomwe hadharani, akiwemo mchuuzi wa turubai na anayeuza siku za wikendi pekee. Nakala ihifadhiwe nje ya soko, mahali ambapo moto hautaifikia.

- Nafasi ipimwe kwa futi na mpaka uchorwe chini. Anayesogeza meza njiani amemnyang'anya jirani mteja na zimamoto njia.

- Asiyetumia nafasi yake kwa muda uliokubaliwa aiachie. Kuhodhi vibanda na kuvikodisha kwa bei ya juu huwafungia nje vijana na wanawake wanaoanza.

- Kila safu iwe na zamu ya kufagia na vyombo viwili, cha vinavyooza na cha visivyooza. Magunia yasikae njiani hata usiku mmoja.

- Fagia zisichomwe. Zikusanywe mahali pamoja ziuzwe kwa gereji na washona magodoro, na zinazobaki zitolewe kwa lori.

- Ada ya soko iambatane na ratiba ya lori iliyobandikwa hadharani. Muuzaji anayelipa ana haki ya kujua taka yake itaondolewa siku gani, na ana haki ya kulalamika isipoondolewa.

- Mnunuzi arudi na kikapu chake, na asidondoshe chupa au ganda mahali ambapo yeye ni mgeni kwa saa moja na mwenzake ni mkazi wa kutwa.

Jambo la mwisho linahusu maendeleo. Masoko mengi ya jiji hujengwa upya, mengine kwa mabati, mengine kwa ghorofa. Jengo jipya lina manufaa, lakini haliondoi maswali mawili ya Toi. Ikiwa orodha ya wauzaji itatungwa ofisini bila waliokuwepo kuulizwa, wengine watarudi kutandaza turubai kando ya barabara, na taka zao zitakuwa mtaroni kama zamani. Ikiwa kila mmoja atajua mahali pake, atajua pia mahali pa kuanza kufagia.