Ukumbi wa Njiti za Kiberiti

Kabla ya kusimamisha nguzo hata moja, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliujenga ukumbi wao kwa njiti za kiberiti. Huo ulikuwa mfano tu. Ukumbi wenyewe, usio na paa, ulichukua watazamaji zaidi ya 2,000.

Tukisimulia habari za Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, huwa tunakimbilia kukamatwa kwa Ngũgĩ. Mimi naona jaribio lenyewe lilikuwa kwenye mazoezi. Yalianza Juni 1977, hadharani, na mpita njia aliruhusiwa kusimama na kukosoa. Wanakijiji walisahihisha Kikuyu cha wasomi: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa vile. (Ni profesa gani leo angevumilia?) Hadithi waliijua: Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu, na tajiri anaitaka. Ilipofunguliwa 2 Oktoba, wengi walikuwa wameshakariri maneno ya wahusika.

Kibali kikafutwa 16 Novemba. Ngũgĩ akawekwa kizuizini 31 Desemba, bila mashtaka.

Mwaka 1982 kundi likajaribu tena, kwa Maitũ Njugĩra. Ukumbi wa Taifa, Nairobi, ukafungwa mbele yao. Wakahamia chuo kikuu, watu wakafurika kutazama mazoezi, nako pakafungwa. Kisha 12 Machi polisi wenye silaha, malori matatu, wakaenda Kamiriithu kuubomoa ukumbi ambao siku hiyo haukuwa na mchezo wowote.