Ngome ya Karema na Nyumba ya Mapadre

Mito ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, tangu upande wa Kagerankanda, hutelemkia Malagarasi, nao Malagarasi huyamwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa hilo kuna sehemu kubwa katika historia ya jengo lililoko mbali upande wa kusini, kwenye ufuo wa mashariki, yaani nyumba ya mapadre ya Karema.

Nyumba hiyo huelezwa mara nyingi kana kwamba tangu mwanzo ilijengwa kwa ajili ya dini. Sivyo. Ilianza kuwa ngome, na waliokuja kusali ndani yake waliirithi kwa watu waliokuja na bunduki. Katika mwaka wa 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliita mkutano mjini Brussels, na hapo kikaundwa Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kwa maneno yake kilikuwa cha elimu na cha kukomesha biashara ya watumwa. Msafara wake wa kwanza ulipatwa na mauti ungali Unguja. Aliyefika ziwani ni Kapteni Cambier, naye akaanza kujenga Karema mwezi wa Agosti, 1879. Wabelgiji waliliita jengo hilo Fort Léopold. Jina hilo halikushika, wala si ajabu, kwani mahali palikuwa na jina lake. Neno lililokaa vinywani mwa watu kwa majengo ya namna hii ni boma, neno lenye tumbo kubwa, ambalo limebeba ua wa miiba wa ng'ombe, ukuta wa askari na hatimaye ofisi ya serikali. Ngome ni neno la pwani, lenye harufu ya mawe na mizinga.

Mahali penyewe palichaguliwa vibaya. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo katika safari yake ya 1879 na 1880, aliona kinamasi na ukosefu wa bandari, akashangaa. Lakini Cambier asingeweza kujua yote. Cameron alikuwa ameuona mto Lukuga, mlango wa ziwa upande wa magharibi, katika mwaka wa 1874, na Stanley aliukuta umezibwa na matope na majani katika mwaka wa 1876. Muda si mrefu baadaye maji yakazibua njia, na ziwa likaanza kushuka. Kilima kilichokuwa karibu na maji kikaachwa nyuma na ufuo, na ngome iliyokusudiwa kulinda ziwa ikabaki kulitazama kwa mbali.

Gharama yake kwa roho za watu haikuwa ndogo. Tembo wanne wa Kihindi walishushwa Msasani katika mwaka wa 1879 ili wajaribiwe kubeba mizigo, na wengine hawakumaliza hata safari. Kiongozi wao, Carter, pamoja na mwenziwe Cadenhead, waliuawa katika nchi ya Wapimbwe mwaka wa 1880, walipokuwa wakirejea kutoka Karema. Ramaeckers, aliyekuwa mkuu wa kituo, alifariki hapohapo katika mwaka wa 1882. Mwaka huohuo akaja Luteni Storms, naye ndiye aliyeipa kazi ya ujenzi nguvu mpya, kisha katika mwaka wa 1883 akavuka ziwa na kuanzisha kituo cha pili huko Mpala. Mwezi wa Desemba, 1884, watu wake walimwua Lusinga, mtemi wa upande ule wa magharibi, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji. Habari hiyo haifai kuachwa nje ya historia ya nyumba ya Karema, ijapokuwa tendo lilifanyika ng'ambo, kwa sababu mkono ulioagiza ndio uliokuja kukabidhi funguo.

Makabidhiano yalifanyika mwaka wa 1885. Leopold alikuwa amekwisha kupata alichokitaka, yaani Dola ya Kongo, na mpaka wake ukapita katikati ya ziwa. Karema haikumfaa tena. Kituo, pamoja na kile cha Mpala, kikatolewa kwa Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie, ambao watu huwaita Mapadre Weupe. Hawa si wamonaki, na mwenye kuiita nyumba yao monasteri hukosea. Lakini waliishi kwa jumuiya na kwa kengele, na kuta nene za askari ziliwafaa. Ziliwafaa kupita kiasi, pengine. Nchi ilikuwa ikivamiwa na wawinda watumwa, na waliokombolewa au kukimbia walihitaji mahali pa kujificha. Hata hivyo, anayelala ndani ya ngome huanza kuhesabiwa kuwa mwenye ngome. Watu walikuja kwa padre kuamuliwa mashauri kama waendavyo kwa mtemi, na ng'ambo ya ziwa Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, aliongoza watu wenye silaha kwa ajili ya misheni.

Aliyeigeuza maana ya mahali hapo kuliko wote hakuwa padre wala askari. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akanunuliwa na wamisionari huko Aljeria, kisha akasomeshwa uganga Malta. Alifika Karema katika mwaka wa 1889, akaoa binti wa nyumba ya utemi, akatibu wagonjwa hapo hata alipofariki mwaka wa 1956. Aliyekuwa bidhaa alikuwa sasa ndiye anayeulizwa na wote.

Jina la Karema lilipanda kadiri maji yalivyoshuka. Vikarieti ya Tanganyika ikaitwa ya Karema mwaka wa 1946, mwaka ambao Kigoma nayo ilipata vikarieti yake. Ikawa jimbo mwaka wa 1953. Na mwaka wa 1969 jimbo likachukua jina la Sumbawanga, kule juu Ufipa. Bandari aliyoikosa Thomson imekuja kujengwa Karema katika miaka hii yetu, kwa ajili ya mizigo ya kuvuka kwenda Kongo.