Moto wa Bar Harbor na panya waliorudishwa

Inakaribia miaka 80 tangu moto wa msitu uteketeze Maabara ya Jackson, Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Ilikuwa Oktoba 1947, na humo walikufa karibu panya 90,000. Asiyejua atasema panya ni panya tu. Hawa walikuwa wa koo maalumu, wamezalishwa ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi mpaka urithi wao ukawa karibu mmoja. Bila koo za namna hiyo, mtafiti atajuaje kama badiliko analoliona limeletwa na tiba au na mnyama mwenyewe?

Clarence Cook Little aliianzisha maabara hiyo mwaka 1929 kwa fedha za matajiri wa magari wa Detroit. Siku ya msiba, akiba ya kweli ya maabara ilikuwa nje: panya iliokuwa imewasambaza kwa watafiti wengine. Habari za moto zilipoenea, waliopokea wakaanza kurudisha, jozi hapa, jozi pale, kila jozi uzao wa koo zilizoungua. Kazi ya kuzijenga upya ikamwangukia Elizabeth Russell, mtaalamu wa jenetiki. Maabara yenyewe hupenda kusimulia sura hii, na sioni kosa.

Russell alichunguza panya waliozaliwa na upungufu wa damu. Katika miaka ya 1950, yeye na wenzake waliwapandikizia tishu za kutengeneza damu kutoka kwa panya wazima, na damu ikarekebika.

Kisha wakaja James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, na ushahidi wao maarufu wa seli shina za damu, yaani zile zinazozaa seli nyingine za damu, 1961. Wasiokumbukwa ni panya waliofuata. Ukoo mmoja wenye upungufu wa damu ulikuwa na seli shina mbovu; mwingine ulikuwa na seli nzima ndani ya mwili usioweza kuzikuza, yaani mbegu njema, shamba bovu. Makala ya 1965 kuhusu ukoo huo wa pili ina majina ya Toronto na ya Bar Harbor pamoja. Till na McCulloch walipata Tuzo ya Lasker mwaka 2005. Aliyelisha panya na kuandika nani kazaa na nani, hana tuzo yake, na hilo linakera.

Kugawana panya, kulikoiokoa maabara baada ya moto, hakukubaki rahisi hivyo. Miaka ya 1990 kampuni ya DuPont, yenye hataza za Cre-lox, teknolojia ya kubadilisha jeni za panya, iliwawekea watafiti masharti ya kugawana panya waliotengenezwa kwa njia hiyo. Mvutano ulipoa 1998, serikali ya Marekani ilipofikia makubaliano na kampuni hiyo. Siku hizi wapo panya wa ukoo uitwao NSG, kazi ya Leonard Shultz hapo hapo Bar Harbor, wanaopokea seli shina za damu ya binadamu. Nao huja na masharti ya matumizi.