Chunusi za ujana: namna ya kuzizuia na kuitunza ngozi bila kuiharibu

Kijana anapomaliza darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza, mara nyingi uso ndio unaotangaza kwamba utoto umekwisha. Vipele huanza kwenye paji la uso na pua, kisha hushuka mashavuni na kidevuni. Wengine huwatoka hadi kifuani na mgongoni. Wenzake darasani wanampa jina la utani, na yeye anaanza kutafuta dawa ya haraka. Hapo ndipo penye hatari, maana dawa ya haraka inayopatikana kirahisi mnadani au gengeni mara nyingi ni krimu inayoharibu ngozi kuliko chunusi zenyewe.

Katika makala hii tunaeleza chunusi zinatoka wapi, namna ya kuzipunguza kwa vitu vilivyo karibu nawe, na wakati gani uende kwa mtaalamu. Tumemfikiria msikilizaji aliye kwenye baridi ya Mgeta, aliye mteremkoni Kinole na Matombo, na aliye kwenye joto la Mvuha, Mvomero au mjini Morogoro.

Chunusi hutokeaje?

Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi na nywele. Tezi hizi ni nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili huziamsha na mafuta yanaongezeka. Wakati huohuo seli za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, zinashikana na mafuta hayo na kuziba tundu la unywele.

Tundu likiziba, bakteria ambao kwa kawaida wanaishi kwenye ngozi bila kudhuru huongezeka humo ndani. Mwili unapambana nao, na tunaona uvimbe, wekundu au weusi, maumivu na usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Vile vidoa vyeusi vya puani si uchafu. Ni mafuta na seli zilizoziba tundu, zikabadilika rangi juu kwa kukutana na hewa. Ndiyo maana kusugua kwa dodoki au jiwe hakuviondoi, bali kunachubua ngozi.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

Swali linalotufikia mara nyingi ni kama chunusi ni dalili kwamba kijana anahitaji kufanya mapenzi. Jibu ni hapana. Kujamiiana hakuponyi chunusi, na kutojamiiana hakuzileti. Ni homoni za kukua tu. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wasichana wanaodanganywa kwa maneno haya, na mwisho wake ni mimba au magonjwa, huku chunusi zikibaki palepale.

Chunusi haziambukizi. Unaweza kula sahani moja na mwenye chunusi au kulala naye kitanda kimoja, na hutazipata. Pia si laana, na si lazima mwenye nazo awe mchafu.

Kuhusu karanga, maembe na parachichi, hakuna ushahidi mzuri kwamba vinaleta chunusi. Kula tu. Utafiti umeonyesha zaidi upande wa sukari: soda, biskuti na vitu vitamu vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu. Maziwa pia yanahusishwa na chunusi kwa wengine, ila ni chakula muhimu kwa anayekua, kwa hiyo usiyaache bila sababu ya wazi.

Vitu vya nyumbani vinavyozidisha chunusi

Cha kwanza ni mafuta mazito. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu iliyopauka kwa baridi ya milimani. Yakipakwa usoni mwa mwenye chunusi, huzidi kufunika ngozi ambayo tayari ina mafuta mengi, na mafuta ya nazi hasa huziba matundu. Mafuta ya nywele nayo hushuka. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi zinazotokea kwenye paji la uso na pembeni mwa uso kwa watu wanaopaka mafuta mazito kichwani. Kama chunusi zako zimejipanga karibu na nywele, anza kwa kupunguza mafuta ya nywele, na usiyafikishe kwenye paji la uso.

Cha pili ni sabuni kali. Sabuni ya mche na sabuni ya unga ni za nguo. Zinakausha uso na kuuwasha, na ngozi iliyochubuka huvumilia dawa kwa shida.

Cha tatu ni msuguano na jasho. Kofia ngumu ya bodaboda isiyofuliwa kitambaa cha ndani, kofia inayobana paji la uso shambani, na jezi iliyolowa jasho inayokaa mwilini hadi usiku huchochea vipele. Oga ukitoka shambani au uwanjani, na ufue vinavyogusa uso.

Cha nne ni dawa za kubuni. Maji ya ndimu usoni, kisha jua la mchana, yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Dawa ya meno inachoma. Mdalasini na karafuu ni zao la heshima katika vijiji vyetu vya Uluguru, lakini mahali pake ni kwenye chai na pilau. Ukisaga na kupaka usoni, ngozi inaweza kuvimba na kutoka malengelenge.

Krimu za kung'arisha: hapa tusikilizane

Kijana mwenye chunusi huachiwa madoa meusi, na madoa hayo ndiyo yanayomsukuma kwenye mkorogo. Mwanzoni anafurahi. Ndani ya siku chache chunusi zinatulia na uso unang'aa. Sababu ni kwamba krimu nyingi za aina hii zina steroidi kali, dawa inayozima uvimbe kwa nguvu. Akiendelea wiki na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inaonekana, na chunusi mpya zinatoka nyingi zaidi. Akiacha ghafla, uso unawaka na kuvimba. Anarudi kwenye kopo lilelile, na ndivyo anavyonaswa.

Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu bila usimamizi inaweza kuufanya uso uwe na mabaka ya bluu na meusi ambayo ni vigumu kuyaondoa. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini makopo bado yanapenya hadi minadani, kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni wewe. Soma nyuma ya kopo. Ukikuta neno hydroquinone, mercury, clobetasol au betamethasone, usipake usoni. Ukikuta kopo halina maandishi, au muuzaji amechanganya mwenyewe, liache pia.

Kama umeshatumia kwa muda mrefu, usione aibu kwenda kituo cha afya na kopo lako mkononi. Watakusaidia kuacha kwa utaratibu.

Utaratibu wa kila siku

Hauhitaji vitu vingi. Unahitaji kuufuata kila siku.

Asubuhi:
1. Nawa mikono, kisha nawa uso kwa maji safi na sabuni laini ya kuogea isiyo na harufu kali. Tumia vidole, si dodoki. Kikombe kimoja au viwili vya maji vinatosha, hata wakati wa kiangazi mabomba yanapokauka.
2. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa chako mwenyewe. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa, mradi ukifue mara kwa mara na kukianika juani.
3. Ngozi ikikauka, paka losheni nyepesi kidogo. Chagua yenye maji mengi, si ya mgando.
4. Ukitoka juani, vaa kofia pana au jifunike kanga. Jua linafanya madoa yakolee. Mwenye uwezo atumie losheni ya kukinga jua.

Jioni:
1. Nawa tena kuondoa jasho, vumbi na moshi wa kuni.
2. Paka dawa ya chunusi kama unayo.
3. Malizia na losheni nyepesi ikiwa ngozi imekauka.

Mara mbili kwa siku inatosha. Ukinawa mara tano unaichosha ngozi.

Na mikono ikae mbali. Kukamua chunusi kunasukuma usaha ndani, kunaacha doa na shimo. Kwa watu weusi kuna hatari zaidi ya kovu linalovimba na kukua.

Dawa gani inafaa?

Kwa chunusi chache au za wastani, dawa ya kuanzia inayopatikana kwenye famasi nyingi za mjini ni tyubu iliyoandikwa benzoyl peroxide. Chagua ya asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 huwasha zaidi bila faida kubwa ya ziada. Anza siku moja ndiyo, siku moja hapana. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere, kama zile za Mgeta, kisha sambaza sehemu yote inayotoka chunusi, si juu ya kipele kimoja. Epuka macho na midomo. Dawa hii inachujisha rangi ya nguo, kwa hiyo lalia kitambaa cheupe au cha zamani.

Nyingine ni adapalene, inayozibua matundu. Hupakwa usiku, na haifai kwa mjamzito.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Dawa ya chunusi haifanyi kazi kwa siku tatu. Mpe mwili wiki 6 hadi 8 kabla ya kuamua kwamba haikusaidii. Madoa huchukua miezi kufifia, lakini hufifia chunusi mpya zikizuiwa.

Usinunue vidonge vya antibayotiki kwa kukisia. Daktari anaweza kuandika doxycycline kwa muda maalumu, ila si kwa mjamzito. Zipo pia tembe kali za isotretinoin, ambazo husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hizo ni za daktari pekee.

Nenda kwa mtaalamu ikiwa:

- una vijivimbe vikubwa, virefu ndani ya ngozi, vinavyouma na kuacha makovu;
- umefuata utaratibu na dawa kwa wiki 8 bila nafuu;
- wewe ni msichana, hedhi haina mpangilio na ndevu zinaota;
- vipele vinawasha sana, hasa usiku, na watu wa nyumbani nao wanajikuna. Huo unaweza kuwa upele, wenye dawa yake tofauti;
- vipele viko kisogoni au kidevuni baada ya kunyoa. Hivyo mara nyingi ni vya nywele kuota kuelekea ndani. Acha kunyoa hadi kwenye ngozi kabisa kwa muda;
- vilianza ulipoanza dawa nyingine, kama za kifua kikuu, au kijiti cha uzazi wa mpango. Usiache dawa hizo mwenyewe. Zungumza na mhudumu.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza hospitali ya wilaya au ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro. Tanzania ina wataalamu wa ngozi: kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992 na kimefundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Neno kwa wazazi na walimu

Chunusi si ugonjwa wa kuua, lakini zipo zinazomfanya mtoto ajifiche nyuma ya darasa, asinyooshe mkono, au asiende shule. Mabibi na makungwi wanaomfunda mwali, na wajomba wanaokaa na vijana wa kiume, waweke na ngozi kwenye mafunzo hayo: kwamba zitatoka, kwamba zitapungua, na kwamba hakuna kopo la mnadani linalostahili kununuliwa kwa aibu. Sabuni laini, kitambaa safi na miezi miwili ya subira vitamfikisha kijana mbali zaidi.